Lanchi boksi za wanangu zinarudi zimejaa na harufu juu, naombeni mbinu

mama_wawili
Habari za jioni wapendwa, naombeni mnisaidie kabla sijachanganyikiwa. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili mdogo yuko chekechea, shule moja. Tunakaa Mbezi ya Kimara na basi la shule linapita kwetu saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, bado giza totoro, maana yake mimi na dada tunaamka saa kumi ndo tuwahi. Mapumziko ya kwanza wanapata saa nne, mchana wanakula saa saba kasoro, nyumbani wanafika saa kumi na nusu huko. Shule inapika ila hela ya chakula ya watoto wawili kwa muhula huu sijaiweza, kwahiyo nafunga.

Sasa ninachofunga ni wali maharage au wali nyama kwenye hotipoti, pembeni mkate na blubendi, na juisi ya boksi. Jioni juisi imeisha, mkate umeng'atwa kona moja, hotipoti kama ilivyotoka. Jumanne iliyopita nimefungua ya mkubwa nikakutana na wali una utelezi, harufu kama togwa. Mdogo yeye siku hiyo alikula nusu, na kabla hata hajavua sare akatapika mara tatu, mchana alikuwa mzima kabisa mwalimu wake kaniambia alikuwa anacheza. Usiku akalala vizuri asubuhi mzima, nikashukuru Mungu, ila moyo haujatulia.

Niseme ukweli tu maana hapa hamnijui, ule wali dada aliupika usiku ukalala kwenye sufuria jikoni, asubuhi tukapasha tukafunga. Sisi kiporo tumekilia toka utoto na chai juu na tupo.

Naomba vitu rahisi, vya afya, visivyochacha kwa joto hili la Dar, ambavyo mtu ambaye macho hayajafunguka sawasawa anaweza kuvifunga kwa dakika 15. Bajeti elfu nne kwa wote wawili kwa siku. Tafadhali msinitumie zile picha za matango yaliyokatwa nyota na jicho la panda, sina huo muda.

baba_chanja
Mnawadekeza sana hawa watoto aisee. Sisi tumesoma shule za kayumba, asubuhi chai ya rangi na muhogo, mchana unarudi nyumbani unakula ugali, hotipoti tumeiona ukubwani. Mpe buku kila mmoja ale wali maharage kwa mama ntilie hapo getini, wa moto, umepikwa leo. Shida yote imeisha na unalala mpaka kumi na moja.

nesi_wa_zamu
Mama wawili pole sana. Siwezi kumpima mtoto kwa kusoma maandishi ila hicho ulichokieleza, kala wali saa saba, jioni katapika, usiku kapoa, nakiona sana zamu za jioni na mara nyingi ukimuuliza mzazi ni wali wa jana.

Iko hivi. Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi ukichemsha. Wali ukishaiva ukaachwa kwenye sufuria unapoa taratibu usiku kucha, zile mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na hiyo sumu ukipasha asubuhi hata uunguze sufuria haiondoki. Mtu akila anatapika kati ya nusu saa na masaa sita baadaye. Ndo maana "nimepasha vizuri" haisaidii, kosa lilishatokea usiku. Kiporo chako cha utotoni pengine ulikila saa kumi na mbili asubuhi, huyu mtoto kakila saa saba mchana baada ya kukaa vuguvugu kwenye begi masaa saba mengine, hapo ndo tofauti.

Vuguvugu ndo adui. Chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu wanafanya sherehe, hesabu ya kawaida ni saa mbili tu, na joto likipita nyuzi 32, yaani Dar ya Januari ndani ya basi, ni saa moja. Kwahiyo una njia mbili, ama chakula kiwe cha moto KWELI mpaka saa ya kula, ama ufunge vitu ambavyo havijali sana joto.

Njia ya kwanza, jaribu hotipoti yako Jumamosi. Mimina maji yanayochemka saa kumi na moja na nusu, funga, usiiguse mpaka saa saba mchana. Fungua. Kama maji yanatoka moshi na kidole hakivumilii kukaa, hiyo inafaa. Kama unatia kidole na unakiacha, irudishe mezani ikabebe ugali. Hizi za plastiki zenye maua nyingi hazifiki, inayofika ni ile chupa ya chakula ya chuma yenye kuta mbili. Na hata hiyo kabla ya kuweka chakula ijaze maji ya moto dakika kumi, mwaga, halafu weka wali unaotoka jikoni saa hiyohiyo, ujaze mpaka juu. Ukiweka nusu inapoa haraka.

Wali wa usiku ukitaka kuutumia, utandaze kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja uwe umeingia friji, asubuhi pasha mpaka utoe moshi wote. Sio wa kwenye sufuria.

Njia ya pili ndo rahisi kwako: chapati, mandazi yasiyo na sukari nyingi, mihogo, viazi vitamu, magimbi, tende, karanga, matunda mazima. Hivi vikikaa mpaka saa nne hamna neno. Viazi, mihogo na magimbi vichemshwe alfajiri hiyo, sio vya jana, navyo viegemee chupa ya barafu kama yai hapa chini. Yai la kuchemsha ukitaka liache na ganda lake, na uweke chupa ndogo ya maji iliyolala friza iliegemee, maji yanayeyuka taratibu na mtoto anapata maji baridi. Ila hilo liliwe saa nne, lisisubiri saa saba.

Karanga chambua kwanza, zilizosinyaa, nyeusi au zenye ukungu tupa, usiseme nikizikaanga zitakuwa sawa, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiishi yote kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi.

mama_wawili
Jamani nimesoma nikamwita dada tukasoma wote. Asante nesi, yaani mikono inatetemeka. Jumamosi najaribu hayo maji.

@baba_chanja kaka yangu buku nilishampa mkubwa muhula uliopita, aliila ubuyu, barafu na zile krips za mia mbili, ulimi ukarudi mwekundu wiki nzima.

mwl_wa_wadogo
Mimi nafundisha darasa la kwanza, shule nisiitaje. Niongeze upande ambao mzazi haoni, maana hotipoti kurudi imejaa mara nyingi sio ladha.

Mapumziko yetu ni dakika 25. Dakika kumi za kwanza zinaishia kwenye foleni ya bomba kunawa mikono. Zinabaki 15, na mtoto wa miaka sita anataka kucheza. Hapo ndo anatoa lanchi boksi mpya uliyomnunulia, ile yenye vibano pande zote nne isiyovuja hata tone, anaivuta, haifunguki. Anaibana magotini, haifunguki. Anakuja kwangu, anakuta foleni. Kuna siku niliamua kuhesabu nimefungua makopo mangapi, nilifika 14 kengele ikalia na chai yangu imepoa. Wapo wenye aibu hawaji kabisa, wanalirudisha kwenye begi wanakimbilia mpira. Wewe jioni unasema mwanangu hapendi wali.

Kwahiyo kabla hujabadilisha menyu mkalishe chini nyumbani, mpe lanchi boksi imefungwa, usimsaidie, angalia tu. Utashangaa.

Kingine ukubwa. Chapati nzima iliyokunjwa ni kazi, anatumia mikono miwili na inakatika. Ikate vipande vya mdomo mmoja au miwili, anakula huku anatembea. Chungwa zima mtoto wa chekechea hawezi kulimenya. Fanyeni kama wauza machungwa wa barabarani, unaondoa ganda la kijani kwa kisu ule weupe unabaki, unalikata kati, anafyonza. Tikiti linavuja kwenye madaftari, tafadhali nawaomba. Ndizi mbivu weka zile ndogo, ndizi sukari, na ichukue siku moja kabla haijaiva sana, sio ile yenye madoa, hiyo inafika kama uji.

Halafu kuna kuchekwa. Yai na dagaa vinanukia darasani na watoto hawana huruma. Nilikuwa na mmoja alikuwa anakula kiazi kitamu kageukia ukutani, anamega chini ya dawati ili wenye krips wasimuone. Nilichofanya nikaanza kuja na viazi vyangu vitamu, vile vya rangi ya chungwa, nakula mbele yao saa nne bila kusema kitu. Wiki ya pili wakaanza kuniomba. Siku hizi kiazi kimepanda cheo darasani kwangu, juzi nimeshuhudia kimebadilishwa na biskuti mbili, Kariakoo tupu.

chapo_na_ndengu
Mambo. Niko Nairobi, huku tumesaidika kidogo, watoto wa shule za umma za county wako na Dishi na County, ule mpango wa chakula cha shule, toka 2023, mzazi analipa bob tano kwa sahani, mtoto anagusisha kile kibangili chake anapewa wali na ndengu moto. Kwahiyo lunch sina stress, mimi nafunga tu ya break ya saa nne: nduma (magimbi) ama ngwaci (viazi vitamu) zimechemshwa, ndizi, siku nikiwa na energy chapo imekunjwa na yai ndani. Nduma ikipoa inakauka inakwama kwa koo, so lazima maji. Hio ya kopo ya kufunguka mwalimu amesema ni ukweli mtupu, wangu alikua anangoja dadake wa grade five.

moshi_vijijini
Kwetu huku shule ya msingi wazazi tunachanga mahindi na maharage, kila mzazi debe lake, wanapikiwa makande. Wanangu hawana hotipoti. Tatizo msimu wa njaa ghala linaisha na mzazi ambaye hajachanga mtoto wake anakaa pembeni anaangalia wenzie, hiyo inaniuma. Lakini siku makande yapo wanarudi wameshiba kweli, mahindi na maharage pamoja vinakamilishana, ongeza parachichi la nyumbani na hela hujatoa.

bibi_wa_tanga
Mwanangu mama wawili, mimi nimefungia watoto sita na sasa wajukuu watatu, friza nimeipata juzi. Acha kuhangaika na wali. Wali ni chakula cha kukaa chini.

Chapati za maji. Unga wa ngano vikombe viwili, mayai mawili, karoti moja ikwaruze, kitunguu kidogo kikatekate, hoho kama ipo, majani ya mchicha yakate membamba kama unataka, chumvi kidogo, maji mpaka uwe kama uji mzito unaodondoka kwenye kijiko bila kukatika. Sukari usitie. Mboga zikwaruze usiku, uzitie kwenye bakuli na kawa juu, alfajiri unachanganya na mayai. Kikaango kidogo, mafuta unapaka tu na kipande cha kitunguu. Zinatoka kumi hivi. Dada anageuza wewe unavalisha sare. Hapo mtoto kala yai, kala mboga, na hajui.

Siri yake ni moja, zipoe. Zitandaze kwenye ungo, pepea na kitu, zipoe kabisa ndo ufunike. Ukifunika za moto mvuke unageuka maji, saa nne mtoto anafungua anakuta kitambaa kilicholowa. Hilo ndilo linalowafanya waseme chapati mbaya.

Siku nyingine mihogo au magimbi, na kipande cha samaki wa kukaanga mkavu asiye na rojo, umtoe miba mwenyewe kwa vidole sio kwa macho, na chupa ya barafu ya nesi pembeni. Siku nyingine mkate, ila paka siagi ya karanga badala ya hiyo ya njano, na ndizi juu. Juisi za boksi achana nazo mwanangu, mpe maji na ndimu.

mama_wawili
Shikamoo bibi. Yaani nimesikia njaa. Kesho nazijaribu.

bibi_wa_tanga
Marahaba mwanangu.

nesi_wa_zamu
Bibi kasema kweli kuhusu juisi. Geuzeni boksi msome nyuma, nyingi ni maji, sukari na rangi, tunda limepita jirani. Soda ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. WHO wanasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayokula mtu kwa siku, sasa mtoto anayekula kalori 1,500 hiyo ni kama gramu 37. Soda moja karibu kamaliza ya siku nzima na bado hajanywa chai ya jioni.

Na kwa wale wanaoweka chai ya rangi kwenye chupa mtoto anywe na chakula, chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Chungwa au ndimu inafanya kinyume, inasaidia. Kwahiyo maharage na chungwa ni ndugu, maharage na chai ni watalaka.

mswahili_wa_leicester
Nimecheka watalaka. Angalizo dogo kwa walio huku Uingereza, hiyo siagi ya karanga msiifunge kabla ya kuuliza, shule nyingi hawataki karanga ya aina yoyote kwa sababu ya watoto wenye aleji. Mimi nilimfungia wangu kashata wiki ya kwanza, nikapigiwa simu nikiwa kazini, nilidhani mtoto kavunjika mguu.

baba_chanja
Haya mimi nauliza tu bila ugomvi, hizo chapati za maji kumi unga na mayai ni shilingi ngapi?

mama_wawili
Mrejesho wapendwa, wiki mbili zimepita.

Kwanza hotipoti. Jumamosi nimejaza maji yanachemka kama nesi alivyosema, saa saba nimefungua nikatia kidole, nikakiacha, nikaongeza na cha pili. Maji ya kuogea mtoto mchanga kabisa. Zote mbili zimerudi mezani.

Pili, nikampa mkubwa lanchi boksi yake ile ya vibano vinne, nimeinunua elfu 22 Kariakoo, nikamwambia fungua. Kavuta. Kaiweka magotini. Kaigonga kwenye tofali. Halafu akaniambia kwa upole kabisa, "mama, huwa ananifungulia kaka mmoja wa la tatu, asipokuja shule sili." Muhula mzima! Nilikaa chini. Mwalimu Mungu akubariki popote ulipo.

Sasa hivi wanabebea kwenye makopo matupu ya blubendi, yale ya nusu kilo, kifuniko unakivuta na kidole gumba tu. Elfu 22 yangu inahifadhi vitunguu.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni chapati za maji, nakata vipande, Jumanne viazi vitamu na yai na chupa ya barafu, Alhamisi mkate wa siagi ya karanga. Tunda kila siku la msimu. Kilichopikwa wanakimaliza saa nne, mchana wanakula tunda, na nimewaongezea karanga na tende kwenye kikopo kingine, wakifika saa kumi na nusu wanakuta ugali na mboga ya moto inawasubiri, maana nimekubali saa saba sitaiweza mpaka nipate ile chupa ya chuma. Elfu nne inatosha na siku nyingine inabaki. Siku ya kwanza dada alifunika chapati za moto, tukala kitambaa kilicholowa kama bibi alivyotabiri.

Kopo linarudi tupu siku nne kati ya tano. Ya tano ni Jumanne, mdogo anakula weupe wa yai, kiini anakirudisha kimefungwa vizuri kwenye tishu kama zawadi.

@baba_chanja kaka unga, mayai mawili, karoti na gesi haifiki elfu mbili na mia tano na wanakula wote wawili, na mimi napata moja na chai.

baba_chanja
Sawa nimekubali, mke wangu kasafiri kikazi wiki hii niko na watoto watatu na buku nimetoa wote wamerudi ulimi mwekundu. Bibi shikamoo. Hivyo vikombe viwili vya unga ni kikombe gani? Mimi nimetumia cha bati cha kunywea maji nikaweka na mayai mawili, imetoka kama simenti.

bibi_wa_tanga
Marahaba. Kikombe cha chai baba, cha udongo. Viwili vya bati ni vitatu vya chai hivyo. Ongeza maji na yai moja, usiimwage.